Aliyezingirwa ni Nani

Miaka kadhaa iliyopita niliulizwa swali chini ya hema la turubai, na tangu siku hiyo sijaweza kulifasiri neno "environment" kwa ule wepesi niliokuwa nao zamani.

Kazi yangu ni ukalimani na tafsiri hapa Nairobi. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja upande wa mashariki mwa jiji, si mbali na Mto Nairobi. Kampuni fulani ilikuwa na karakana ndogo ya kuosha na kusaga plastiki kuukuu, na sasa ilitaka kuipanua. Viti vilikuwa vimepangwa katikati ya barabara, soda zimelazwa ndani ya karai la maji, na mzee wa mtaa ameketi mbele na daftari lake. Nyuma ya hema mafundi wa jua kali walikuwa wanagonga mabati bila kupumzika. Mtaalamu aliyeandika ripoti akasimama, akasoma kwa Kiingereza sentensi iliyobeba ripoti yote: kwamba mradi hautakuwa na athari kubwa kwa "the environment". Nikawageukia watu nikasema, "Mradi huu hautaleta athari kubwa kwa mazingira."

Tafsiri ilikuwa sahihi. Hakuna mwalimu ambaye angeikosoa.

Kimya. Halafu mama mmoja wa safu ya tatu, kanga begani, akanyoosha mkono. Lafudhi yake ilinijulisha mara moja kwamba alikuwa mtu wa Pwani.

"Mwanangu, umesema mazingira. Mazingira ya nani?"

Nilijaribu kumrudishia mtaalamu swali hilo kwa Kiingereza, na maneno yote niliyapata, lakini usoni mwake niliona kwamba halikumfikia. Alijibu kwa upole kwamba mazingira ni ya watu wote: ni mito, miti na hewa. Mama akauliza tena, "Na harufu je?" Mtaalamu akasema kwamba harufu ni kero, na kero zitashughulikiwa kando. Leo, akasema, tunazungumzia mazingira.

Nilifasiri hilo pia. Nililisema neno kwa neno mbele ya watu ambao, hata wakati huo, walikuwa wamejifunika pua kwa viganja.

Nilipofika nyumbani nilianza kulifikiria neno lenyewe, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kidogo sana, ni kile kineno "the". Kiingereza kikiweka kineno hicho mbele ya "environment", kinatengeneza kitu kimoja kikubwa kilichoko mahali fulani nje, kama vile mtu anavyosema jua au bahari. Kitu hicho kinaweza kulindwa, kuchafuliwa, kupewa wizara, kutengewa siku yake ya tarehe 5 Juni. Hakihitaji mwenyewe. Kiswahili hakina kineno hicho. Ukisema mazingira tu, bila kuongeza lolote, msikilizaji anabaki akisubiri umalizie: mazingira yapi? Haya? Yangu? Ya kazi? Ya shule? Mama yule hakuwa anapinga chochote alipouliza. Sentensi yangu ilikuwa na pengo, naye alinyoosha kidole kwenye pengo.

Na neno letu lina sababu ya kudai mwenyewe. Kuzinga ni kuzunguka. Kuzingira ni kukizunguka kitu hata kikawa katikati: jeshi huzingira mji, polisi huzingira nyumba, moshi humzingira mpishi wa chapati kwenye kibanda chake. Mzingo ni ule mduara unaopita pande zote za kitu. Na kuzingua, kabla vijana wetu hawajalifanya neno la kuudhi na kuvuruga mambo, ni kumfungua mtu aliyezingwa na uchawi. Ukoo wote huu wa maneno una mtu au kitu katikati. Hakuna kuzingira bila mzingirwa. Kwa hiyo anayesema mazingira, hata kama hajui, amekwisha kumtaja mtu fulani aliyesimama katikati ya duara.

Kiingereza nacho kilianzia hapo hapo. Neno lao lilitoka kwa Kifaransa, kwenye kitenzi cha kuzunguka na kuzingira, na Wafaransa mpaka leo huita maeneo yaliyo kandokando ya mji kwa neno la ukoo huo. Sisi hayo huyaita viunga. Kila taarifa ya habari utasikia "Nairobi na viunga vyake", na ni neno zuri sana, maana kiunga cha zamani kilikuwa shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji. Mwishoni mwa miaka ya 1820 mwandishi Mskoti Thomas Carlyle alilitumia neno "environment" kufasiri neno la Kijerumani, Umgebung, akimaanisha hali zote zinazomzunguka mtu anamoishi. Nilifurahi sana nilipolijua hilo. Maana hiyo pana iliingia Kiingereza kupitia mikono ya mfasiri. Ile maana nyingine, ya misitu na hewa na bahari, ilikuja kushika baadaye sana, katikati ya karne ya 20.

Kisha ikaja kutua kwetu. Juni 1972 mataifa yalikutana Stockholm, na Desemba mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunda shirika la mazingira, ambalo makao yake makuu yakaja Nairobi. Leo yako Gigiri, jirani na Msitu wa Karura. Sijui mji mwingine ambamo neno hili lina anwani, lango na walinzi. Nadhani ndiyo sababu hapa kwetu mtu akisikia "envairomenti" huwaza kwanza ofisi. "Watu wa envairomenti wamekuja," utasikia, na wenye vibanda wanaanza kukusanya mali.

Lakini sikiliza jinsi Mnairobi anavyoongea asipokuwa anaongea na ofisi. Nimelifanya hili kuwa zoezi langu ndani ya matatu, na ninalipendekeza kwa yeyote anayeipenda lugha hii. Watu wanazungumzia mazingira yao tangu asubuhi mpaka usiku, na karibu hawalitumii neno mazingira kabisa. Wanatumia silabi moja. *Ku*nanuka. *Ku*na vumbi. *Ku*metulia leo. Huku *ku*na kelele. Mambo yakiharibika, *ku*meumana. Nani anayenuka katika "kunanuka"? Nani aliyetulia katika "kumetulia"? Ni mahali penyewe, yaani jumla ya vyote vinavyotuzunguka, na sarufi yetu imevifanya kuwa mtenda wa sentensi. Kiingereza kinahitaji neno refu la kutoka Ufaransa. Sisi tuna kiambishi, na mtoto wa miaka miwili anakijua.

Tena kiambishi hiki hakiko peke yake. Wako ndugu watatu: *pa*, *ku* na *mu*. *Pa* ni mahali mahususi unapoweza kupaonyesha kwa kidole, pale. *Ku* ni eneo lisilo na mipaka, huko. *Mu* ni ndani, humo. Walimu wanatufundisha hivi darasa la sita, tunakariri kwa ajili ya mtihani, kisha Nairobi inatunyang'anya wa tatu. Hapa mjini hata nyumba yako utasema "kwa nyumba kuna baridi", na "humu mna baridi" imebaki kwa watangazaji na watu wa Pwani. Nakumbusha hili kwa sababu lina kazi mbele.

Hata salamu zetu zinauliza mazingira. "Kwema?" Swali zima ni hilo. Halisemi wewe u mzima. Linauliza huko uliko, na vyote vilivyokuzunguka, ni kwema? Aprili 2024, mvua ilipofurisha Mathare na mitaa mingine ya jiji na watu wakalala juu ya mapaa, simu yangu ilijaa ujumbe wa neno hilo moja kutoka kwa jamaa wa mbali. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kuhusu mazingira. Wote waliuliza kuhusu mazingira.

Neno lenyewe, mazingira, tunalitumia wapi basi? Fungua gazeti la Kiswahili. Karibu kila wiki kuna mtu aliyefariki "katika mazingira ya kutatanisha". Msomaji mgeni angedhani marehemu alikutwa porini. Sivyo. Hapo tunasema mambo yote yaliyokizunguka kifo: nani alikuwa naye, mlango ulifungwa na nani, simu yake iko wapi. Kiingereza hapo huleta neno lingine kabisa, la asili ya Kilatini, lenye maana ya vitu vilivyosimama kuzunguka. Sisi tunatumia neno lile lile la miti na mito. Watoto "wanaoishi katika mazingira magumu" si watoto wa jangwani. Ni watoto ambao njaa, maradhi au kufiwa kumewazunguka. "Mazingira ya kazi" ni kiti unachokalia, mshahara, na namna bosi anavyokusalimia. Kuna watu wanaoona kwamba huu ni uchache wa maneno, kwamba Kiswahili kimeshindwa kutenganisha. Siamini hivyo hata kidogo. Kiswahili hakikukubali kutenganisha, nami naona kilikuwa na akili.

(Na mhemko wa mahali tumeupa neno la mawingu: mtu akivuruga kikao kwa neno lisilofaa tunasema amechafua hali ya hewa. Mpaka wa hewa tunayovuta na hewa tunayokaa nayo kama watu haujawahi kuwa ukuta katika lugha hii.)

Mahali ambapo neno linaonyesha bei yake ni kwenye matangazo ya nyumba za kupanga. Vyumba viwili, maji masaa yote, *mazingira tulivu*. Soma kodi chini yake. Utulivu Nairobi unauzwa, na kinachouzwa hasa ni vitu ambavyo havipo: hakuna honi za matatu, hakuna mtaro wa majitaka mlangoni, hakuna moshi wa taka. Na ramani ya mahali vitu hivyo havipo haikuchorwa na mvua. Wakati wa ukoloni Wazungu walijitengea upande wa magharibi, kwenye miinuko ya udongo mwekundu. Wahindi wakapangwa Parklands na jirani zake. Waafrika wakapelekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha. Mji wenyewe ulichukua jina la Kimaasai linalohusu maji baridi. Maji hayo, katika mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, yanateremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kila anayemwaga kitu huko juu, anakimwaga kwenye mazingira ya mtu wa chini. Jalala la Dandora, huko huko mashariki, lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Zaidi ya miaka 20 baadaye malori bado yanaingia.

Ndiyo maana nakasirika, na sioni haya kusema hivyo, ninaposikia mtu akizungumza kana kwamba kupenda mazingira ni starehe ya watu walioshiba. Aliyezingirwa zaidi ndiye mwenye mazingira zaidi. Mama wa safu ya tatu alikuwa na mengi ya kusema juu ya mazingira kuliko sisi wote tuliofika na gari.

Wangari Maathai alilielewa hili mapema. Alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, hakuanza na neno kubwa. Mara nyingi alisimulia kwamba aliwasikiliza wanawake wa mashambani, nao walimwambia kuni zimekuwa mbali, maji safi hakuna, chakula cha kutosha hakuna. Mti ulikuwa jibu la malalamiko hayo. Mwaka 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, alikuwa analinda mahali ambapo mtu asiye na nauli wala bustani anaweza kulala kwenye majani Jumapili. Alitukanwa kwa hilo. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, na wakati huo wapo waliouliza miti ina uhusiano gani na amani. Swali hilo linawezekana tu kama umeshalipunguza neno mpaka likabaki miti.

Basi nikarudi kwenye harufu. Nilifungua sheria, kwa sababu mtaalamu alikuwa amesema jambo kwa uhakika nami nilikuwa nimelirudia kwa sauti yangu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ni ya mwaka 1999, na mwanzoni kabisa inaeleza mazingira ni nini. Inataja mambo yanayowazunguka binadamu: ardhi, maji, hewa, tabianchi. Halafu inaendelea, na hapo niliinuka kitini: sauti, harufu, ladha. Harufu imo kwa jina lake. Kisha wanyama na mimea, uzuri wa mahali, vitu vya asili na vilivyojengwa. Waliouandika ufafanuzi huo walikuwa karibu zaidi na mama yule kuliko na ripoti niliyoifasiri. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu aende mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au aliyeumia.

Kwa hiyo nilikuwa nimesaidia kuwaambia watu kwamba pua zao hazihusiki. Nilimpigia simu mzee wa mtaa, nikamweleza, nikamwomba nafasi kwenye kikao kingine bila malipo. Alinikubalia.

Safari hii hapakuwa na hema. Tulikaa kwenye uwanja wa ploti moja, kati ya kamba za nguo na mitungi ya maji, watu kama 30 hivi. Niliwasomea ufafanuzi wa sheria kwa Kiswahili, neno moja moja, nikitua baada ya kila neno. Nilipofika "sauti" kijana mmoja akasema mashine huanza saa kumi na moja alfajiri. Nilipofika "maji" wakasema mengi kwa pamoja ikabidi mzee wa mtaa awatulize. Nilipofika "harufu" hawakusema chochote. Wote walimgeukia yule mama.

Tulikubaliana niandike maoni yao kwa Kiswahili, maana Katiba hiyo hiyo imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwenye ofisi hana ruhusa ya kuyakataa kwa sababu hiyo. Kila mtu alisema lake nami nikaandika. Ilipofika zamu yake, mama alisema kwa ufupi, nikaandika, nikamsomea: "Huku kunanuka usiku na mchana."

Alitikisa kichwa. "Sivyo nilivyosema, mwanangu. Yule bwana wa ripoti alisema nini siku ile, juu ya karakana?"

Nikakumbuka. Mtaalamu alikuwa ameungama kwamba pale karakanani patanuka kidogo wakati wa kuosha.

"Yeye ana *pa* yake. Ni pale, anapita akienda zake. Hawa majirani zangu wana *ku* yao, ni huku mtaani, hata askari wa kanjo akija anasikia. Mimi nakwambia nyumbani mwangu. Mlango nimeufunga, dirisha nimeliziba kwa kanga, mjukuu amelala, na bado mnanuka. Andika *mna*."

Nilifuta. Niliandika: "Humu nyumbani mwangu mnanuka." Nikamgeuzia karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno, akasimama kidogo kwenye lile la mwisho, kisha akaniomba kalamu.